Vuguvugu la Mei Nne: Wanafunzi, Wenye Maduka na Jamhuri Changa ya China

Tarehe 30 Aprili 1919, jijini Paris, wanaume watatu walimaliza shauri la jimbo la Shandong. Woodrow Wilson wa Marekani, David Lloyd George wa Uingereza na Georges Clemenceau wa Ufaransa walikubaliana kwamba haki zote zilizokuwa mikononi mwa Wajerumani katika jimbo hilo la pwani ya China, kuanzia bandari ya Qingdao hadi reli na migodi, zipewe Japani. Wiki moja baadaye, tarehe 7 Mei, wakubwa haohao waliikabidhi Uingereza koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Watu wa Tanganyika hawakuwa na mjumbe Paris, wala hakuna aliyewauliza. China ilikuwa na wajumbe wake, ilikuwa imeitangazia Ujerumani vita tangu Agosti 1917, na ilihesabiwa miongoni mwa washindi. Hata hivyo ilitoka mikono mitupu.

Habari ilipofika Beijing, wanafunzi wapatao 3,000 waliingia barabarani Jumapili ya tarehe 4 Mei. Kabla jua halijazama, nyumba ya waziri mmoja ilikuwa inawaka moto. Baada ya wiki tano, vigogo watatu wa serikali walikuwa wamefukuzwa kazi, na mwisho wa Juni China ikakataa kutia sahihi Mkataba wa Versailles. Mwanafunzi mmoja, Luo Jialun, aliandika kuhusu maandamano hayo kabla Mei haijaisha na kuyapa jina ambalo Wachina wanalitumia hadi leo: Vuguvugu la Mei Nne.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vijana wale hawakuamka siku moja wakajikuta wana ujasiri wa kuishtaki serikali yao mbele ya umma. Nyuma yao palikuwa na miaka minne ya jarida moja, chuo kikuu kimoja na ugomvi mkali kuhusu lugha. Na mbele yao palikuwa na swali lililokuja kuamua kila kitu: je, mwenye duka na kibarua wa kiwandani watawaelewa, na wakiwaelewa watasimama nao?

Jamhuri ya jina

Utawala wa ukoo wa Qing ulianguka haraka kuliko wengi walivyotarajia. Askari waliasi mjini Wuchang tarehe 10 Oktoba 1911, na jimbo baada ya jimbo likajitenga. Tarehe 1 Januari 1912 Sun Yat-sen akaapishwa kuwa rais wa muda huko Nanjing. Tarehe 12 Februari ikatangazwa kwamba Puyi, mfalme wa miaka 6, ameachia kiti. Zaidi ya miaka 2,000 ya enzi za wafalme ikafikia tamati kwa karatasi moja.

Lakini Sun hakuwa na jeshi. Jeshi lilikuwa la Yuan Shikai, jenerali mzoefu wa utawala ulioondoka, na Sun akampisha ili nchi isipasuke. Yuan alilivunja bunge, akawafukuza wapinzani, kisha mwishoni mwa 1915 akajitangaza mfalme. Majimbo yakamgeuka, hata majenerali wake wakamkataa. Machi 1916 akaufuta ufalme wake mwenyewe, na Juni mwaka huo akafa. Tangu hapo China ilikuwa na bendera ya jamhuri na rais Beijing, lakini amri halisi ilitoka kwa majenerali, kila mmoja na jeshi lake, kodi yake na eneo lake.

Udhaifu huo ulikuwa na mtazamaji wa karibu, Japani. Ujerumani ilijitwalia Ghuba ya Jiaozhou, penye mji wa Qingdao, kwa mkataba wa kukodishiwa miaka 99 uliotiwa sahihi mwaka 1898. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Japani ilijiunga na Uingereza, ikaishambulia Qingdao na kuiteka mwezi Novemba. Tarehe 18 Januari 1915 ikamkabidhi Yuan kwa siri orodha ya madai ishirini na moja, mengine yakigusa Shandong na Manchuria, mengine yakitaka Wajapani wawe washauri ndani ya serikali ya China yenyewe. Tarehe 7 Mei ikatoa onyo la mwisho. Tarehe 9 Mei Yuan akakubali, ingawa kundi la madai mabaya zaidi lilikuwa limewekwa kando. Vijana wa shule walizichukua tarehe hizo mbili wakazifanya siku za kukumbuka fedheha ya taifa, na kila Mei ilipoingia walikuwa na sababu ya kukutana.

Jarida na chuo

Mwaka huohuo wa fedheha, mtu mmoja aliamua kwamba tatizo la China halikuwa Yuan peke yake. Chen Duxiu, mzaliwa wa Anqing katika jimbo la Anhui, alikuwa amefaulu ngazi ya kwanza ya mitihani ya kifalme akiwa kijana, akaidharau, akaenda Japani mara kadhaa, na akajiunga na waliompinga mfalme. Tarehe 15 Septemba 1915, mjini Shanghai, alianzisha jarida la vijana ambalo mwaka uliofuata lilibadilishwa jina likawa Xin Qingnian, yaani Vijana Wapya. Mwanzoni zilichapwa nakala 1,000 hivi, na katika miaka yake ya kilele zikafika kama 15,000. Nyingi zilisomwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa maana zilipita mkono kwa mkono kwenye mabweni.

Hoja ya Chen ilikuwa kali. Mafundisho ya Confucius, alisema, yamejengwa juu ya utii wa ngazi: raia amtii mfalme, mtoto amtii baba, mke amtii mume. Wachina walikuwa wamemwondoa mfalme wa Beijing, lakini kila nyumba ilibaki na mfalme wake. Kijana aliyezoea kuchaguliwa mke, kazi na maneno ya kusema hawezi kuwa raia wa jamhuri kwa sababu tu katiba imemwita hivyo. Dawa aliyoitaja Chen ni demokrasia na sayansi, na mwenyewe akazipa sifa za kibinadamu, akiziita Bwana De na Bwana Sai.

Jarida pekee lisingetosha. Januari 1917 Cai Yuanpei alichukua uongozi wa Chuo Kikuu cha Beijing, na chuo hicho kilihitaji kusafishwa. Mitihani ya kifalme iliyotoa maofisa kwa karne nyingi ilikuwa imefutwa mwaka 1905, lakini fikra yake ilibaki: mtu asome ili apate cheo. Watoto wa wakubwa walikuja chuoni na watumishi wao, wakatumia usiku kwenye kamari na madanguro, wakisubiri shahada iwafungulie ofisi. Cai alikuwa mwanachuoni wa daraja la juu kabisa la elimu ya kale, na pia alikuwa amesoma Leipzig nchini Ujerumani. Katika hotuba yake ya kwanza aliwaambia wanafunzi kwamba chuo ni mahali pa kutafuta elimu, na anayetaka utajiri na ukubwa ajitafutie njia nyingine.

Kisha akaajiri bila kuangalia rangi ya siasa ya mtu. Chen Duxiu alifanywa mkuu wa kitivo cha fasihi, naye akahamia Beijing na jarida lake. Li Dazhao alipewa maktaba. Hu Shi alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaanza kufundisha kabla hajatimiza miaka 26. Upande wa pili alibaki Gu Hongming, mpenzi wa wafalme, aliyeingia darasani na msuko wake mrefu mgongoni miaka kadhaa baada ya jamhuri kuukata wa kila mtu. Wote walifundisha, wote walibishana. Miongoni mwa wafanyakazi wa maktaba ya Li mwishoni mwa 1918 alikuwamo kijana kutoka Hunan aliyelipwa yuani 8 kwa mwezi. Jina lake lilikuwa Mao Zedong.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulihusu namna ya kuandika. Kwa zaidi ya miaka 2,000 vitabu vya heshima vya China viliandikwa kwa lugha ya kale ambayo hakuna aliyeizungumza nyumbani wala sokoni. Kuimudu kulitaka miaka ya kukariri, na mwenye miaka hiyo alikuwa mtoto wa mwenye mali. Lugha ya mazungumzo ilikuwapo kwenye maandishi pia. Riwaya zilizopendwa sana, kama ile ya Chumba Chekundu, ziliandikwa kwayo, lakini wasomi walizisoma kwa kificho na kuzidharau hadharani. Januari 1917 Hu Shi alitoa katika Vijana Wapya mapendekezo manane ya kurekebisha fasihi: mwandishi awe na jambo la kusema, asiwaige wa kale, aache misemo iliyochakaa, asiogope maneno ya watu wa kawaida. Aliandika kwa upole. Mwezi uliofuata Chen akaandika kwa sauti ya vita.

Mei 1918 hoja ikapata ushahidi. Lu Xun, aliyekuwa amesomea udaktari Japani kisha akauacha, alichapisha katika jarida hilo hadithi ya mtu anayeaminika kuwa kichaa. Mtu huyo anafungua vitabu vya historia, na katikati ya mistari ya maadili anaona habari moja tu, ya watu kulana. Hadithi ilikuwa fupi, kwa lugha ya kila siku, na hakuna mtetezi wa lugha ya kale aliyeweza tena kusema kwamba lugha ya sokoni haina uwezo wa kubeba jambo zito.

Watetezi hao hawakunyamaza. Machi 1919 Lin Shu, aliyepata umaarufu kwa kuandika upya kwa Kichina cha kale riwaya nyingi za Ulaya ingawa hakujua lugha yoyote ya kigeni na alitegemea kusomewa, alimwandikia Cai barua ya wazi gazetini. Ikiwa maneno ya mtaani yatahesabiwa kuwa elimu, alilalamika, basi wavuta rikisho na wachuuzi wa Beijing wote wanafaa kuwa maprofesa. Cai alimjibu kwa utulivu kwamba chuo chake kinalinda uhuru wa fikra na kina nafasi kwa kila hoja yenye msingi. Lakini jibu lenye uzito zaidi lilitoka kwa wanafunzi. Mwezi huohuo, Deng Zhongxia na wenzake waliunda kikundi cha mihadhara ya umma, wakaanza kusimama kwenye magulio na pembeni mwa mahekalu kuzungumza na wavuta rikisho haohao kuhusu usafi, kusoma, nchi na dunia. Wasikilizaji wakati mwingine walikuwa watoto wachache. Hata hivyo vijana walikuwa wameanza kujifunza kazi ambayo miezi miwili baadaye wangeihitaji kuliko kitu kingine.

Jumapili ya moto

Vita ilipokwisha Novemba 1918, Beijing ilisherehekea. Wilson alikuwa amezungumza kuhusu haki ya mataifa kujiamulia mambo yao, na wanafunzi wa China walimwamini. Walikuwa pia na hoja ya kushika mkononi. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeajiri vibarua wa Kichina wapatao 140,000, waliochimba mahandaki, kupakua meli na kutengeneza barabara nyuma ya mstari wa vita Ufaransa. Sehemu kubwa ya waliochukuliwa na Waingereza walitoka Shandong. Tarehe 28 Januari 1919, mjumbe Gu Weijun, aliyekuwa na miaka 30, alisimama Paris na kueleza kwa ufasaha kwamba jimbo alikozaliwa Confucius, lenye watu mamilioni, haliwezi kuhamishwa kutoka bwana mmoja hadi mwingine.

Kisha nyaraka zikaanza kujitokeza. Mwaka 1917 Uingereza, Ufaransa na Italia zilikuwa zimeiahidi Japani kwa siri kwamba zitaiunga mkono kuhusu Shandong. Na lililouma zaidi: Septemba 1918 serikali ya Beijing yenyewe, ikihangaikia mikopo ya Japani ya kulipia majeshi, ilikuwa imebadilishana na Tokyo hati zilizoridhia mpango wa Wajapani juu ya reli za Shandong. Sahihi ilikuwa ya Zhang Zongxiang, mwakilishi wa China huko Tokyo. Wanafunzi waliyataja majina matatu: Zhang, Cao Rulin, waziri wa mawasiliano aliyeshiriki mazungumzo ya mwaka 1915, na Lu Zongyu, mkuu wa ofisi ya sarafu aliyehusika na mikopo. Wote watatu walikuwa wamesoma Japani.

Jioni ya tarehe 3 Mei, wanafunzi wa vyuo mbalimbali walijaa katika ukumbi wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Beijing. Mpango wa awali ulikuwa kuandamana tarehe 7 Mei, siku ya fedheha. Ukumbi ulikataa kusubiri. Mwanafunzi wa sheria, Xie Shaomin, aliuma kidole chake na kwa damu akaandika kwenye kipande cha nguo kwamba Qingdao irudishwe. Maandamano yakasogezwa hadi kesho yake.

Mchana wa Jumapili walikusanyika mbele ya lango la Tiananmen kutoka vyuo 13, wengi wakiwa wamevaa kanzu ndefu za kisomi, mikononi vibendera vyeupe. Walitoa matamko mawili. Moja, la Xu Deheng, liliandikwa kwa lugha ya kale. La pili, la Luo Jialun, liliandikwa kwa lugha ya mazungumzo, maneno machache yenye makali, na ndilo lililopigwa chapa na kugawiwa watu njiani. Ugomvi wa miaka miwili darasani ulikuwa umepata matumizi yake mtaani.

Fu Sinian, mhariri wa jarida la wanafunzi, ndiye aliyeongoza msafara. Walielekea eneo la balozi za kigeni, ambako polisi wa China hawakuwa na mamlaka na Wachina hawakuweza kuandamana bila ruhusa. Walinzi wakawazuia. Walitaka kumwona mwakilishi wa Marekani, Paul Reinsch, lakini hakuwapo siku hiyo, wakaacha barua. Wakasimama juani muda mrefu, ndani ya mji mkuu wao wenyewe, wakinyimwa njia na wageni. Hasira ikapata mwelekeo mpya: nyumba ya Cao Rulin.

Nyumba hiyo ilikuwa katika uchochoro wa Zhaojialou, lango limefungwa, polisi wamesimama. Kuang Husheng na wenzake wachache waliparamia, wakavunja dirisha na kufungua lango kutoka ndani. Cao alijificha. Zhang Zongxiang, aliyekuwa mgeni hapo, alikamatwa na kupigwa hadi akazimia. Samani zikavunjwa, nyumba ikawashwa moto. Polisi wa ziada walipofika wengi walikwisha kuondoka. Waliokamatwa walikuwa 32. Siku tatu baadaye mwanafunzi mmoja, Guo Qinguang, alifia hospitalini, na vijana wakampa heshima ya shahidi.

Juni ya maduka yaliyofungwa

Kama mambo yangeishia hapo, Mei Nne ingekuwa ghasia ya siku moja. Serikali iliwaachia wale 32 tarehe 7 Mei baada ya wakuu wa vyuo kuwadhamini, ikitumaini vumbi litatulia. Cai Yuanpei alijiuzulu na kuondoka Beijing kimyakimya, jambo lililowachochea wanafunzi badala ya kuwapoza. Tarehe 19 Mei wakagoma kuingia darasani. Wakajigawa vikundi, wakaenda mitaani kuwahutubia watu, kuuza bidhaa za Kichina na kuwasihi wanunuzi wasusie za Japani. Walifanya kwa mamia kile ambacho kikundi cha Deng Zhongxia kilikuwa kimekijaribu kwa watu wachache.

Tarehe 3 Juni serikali iliamua kuwakomesha. Siku hiyo na iliyofuata polisi waliwakamata wahutubiaji kwa mamia, hadi magereza yakajaa na jengo la kitivo cha sheria likageuzwa mahabusu. Tarehe 5 Juni wanafunzi wengine walikuja mitaani na matandiko mgongoni, tayari kulala kizuizini. Wasichana wa shule za Beijing, waliolelewa wasitoke hadharani bila msindikizaji, waliandamana hadi kwa rais kudai wenzao waachiwe.

Habari za ukamataji huo zilifika Shanghai, na asubuhi ya tarehe 5 Juni maduka ya mji huo hayakufunguliwa. Wafanyabiashara walibandika milangoni kwamba hawatauza hadi wanafunzi waachiwe na wasaliti wafukuzwe. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Wajapani wakaweka chini zana. Wakafuata wa mitambo ya kuchapa vitabu, wa tramu, wa bandarini na wa reli, hadi waliogoma wakafika kama 60,000. Ulikuwa mji wenye benki nyingi kuliko wote nchini, na kila siku ya kufungwa ilipunguza fedha zilizoiweka serikali ya Beijing hai. Mgomo ukapanda mto Yangzi, ukafika Tianjin, karibu kabisa na mji mkuu.

Hapo serikali ilielewa lugha iliyosemwa nayo. Iliwaondoa polisi kwenye jengo la chuo. Wanafunzi walikataa kutoka hadi waombwe radhi, kisha wakatoka kwa shangwe. Tarehe 10 Juni Cao, Zhang na Lu wakaachishwa kazi. Huko Paris, Wachina waliokuwa wakisoma na kufanya kazi Ufaransa walizunguka makazi ya kiongozi wa ujumbe, Lu Zhengxiang, asije akatoka kwenda kusaini. Tarehe 28 Juni mkataba ulitiwa sahihi katika ikulu ya Versailles. Viti vya Wachina vilikuwa vitupu.

Wanafunzi walithubutu kwanza, na bila wao pasingekuwa na jambo. Lakini mwezi mzima wa uthubutu wao ulikuwa umewaletea gereza tu. Serikali ilipiga magoti katika siku tano tangu maduka na viwanda vya Shanghai vifungwe.

Mageuzi yaliyoingia nyumbani

Ushindi wa Juni ulifungua milango mingine. Katika mwaka mmoja au miwili yalizaliwa majarida kwa mamia, karibu yote kwa lugha ya mazungumzo. Mwanzoni mwa 1920 wizara ya elimu iliamuru kwamba kuanzia vuli ya mwaka huo madarasa ya kwanza na ya pili ya shule za msingi yatumie lugha hiyo. Mtoto akaanza kusoma maneno aliyoyajua kinywani. Katika matokeo yote ya vuguvugu lile, hilo ndilo ambalo hakuna serikali iliyofuata, ya mrengo wowote, iliyolirudisha nyuma.

Wanawake nao walisogea. Mwaka 1920 Chuo Kikuu cha Beijing kilipokea wasichana 9, wa kwanza katika historia yake. Huko Tianjin, Septemba 1919, vijana wapatao 20, nusu wanaume nusu wanawake, waliunda Chama cha Mwamko. Walipiga kura ya namba na kuzitumia badala ya majina. Namba 1 ilimwangukia Deng Yingchao, msichana wa miaka 15 aliyekuwa akihutubia mitaani. Namba 5 ilikuwa ya Zhou Enlai. Zhou alifungwa miezi kadhaa mwaka 1920 kwa kuongoza maandamano, kisha akaenda Ufaransa. Yeye na Deng walioana mwaka 1925. Ni Zhou huyohuyo aliyefika Dar es Salaam Juni 1965 akiwa waziri mkuu, mgeni wa Mwalimu Nyerere.

Hata hivyo mila haikuvunjika kwa hotuba. Novemba 1919 mjini Changsha, Zhao Wuzhen, msichana aliyekuwa akipelekwa kwa mume asiyemtaka, alijikata koo kwa wembe ndani ya machela ya harusi. Mao, aliyekuwa amerudi Hunan, aliandika mfululizo wa makala gazetini akisema kwamba aliyemuua ni jamii yenyewe: wazazi, wakwe na desturi inayowapa nguvu. Msichana huyo hakuwa wa kwanza kufa hivyo. Tofauti ni kwamba safari hii mji mzima ulijadili kifo chake hadharani, kwenye magazeti ambayo wengi waliweza kuyasoma.

Njia zilipoachana

Walioandamana pamoja hawakukaa pamoja. Majira ya joto ya 1919 Hu Shi aliandika akiwataka wenzake wachunguze tatizo mojamoja na wapunguze kupiga kelele za itikadi. Li Dazhao alimjibu kwamba matatizo ya China yana mzizi mmoja na yanahitaji dawa moja. Hu alikuwa mwanafunzi wa John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyefika China siku chache kabla ya Mei Nne na kukaa zaidi ya miaka miwili akihutubia. Li alikuwa akiitazama Urusi, ambako mapinduzi yalikuwa yamefanyika mwaka 1917, na serikali mpya ya huko ilikuwa imetangaza kuachana na unyang'anyi wa wafalme wake dhidi ya China. Baada ya Paris, tangazo hilo lilikuwa na mvuto ambao Wilson alikwisha kuupoteza.

Julai 1921 Chama cha Kikomunisti cha China kilianzishwa Shanghai. Chen Duxiu alichaguliwa kiongozi wake wa kwanza, ingawa hakuhudhuria mkutano wenyewe. Shandong ilirudi kwa mazungumzo: mkataba uliofikiwa Washington Februari 1922 uliitaka Japani iirejeshe, na Desemba mwaka huo Qingdao ikawa tena ya China.

Li Dazhao alinyongwa Beijing mwaka 1927 kwa amri ya jenerali aliyeushika mji. Chen alifukuzwa mwaka 1929 kutoka chama alichokianzisha, akafa maskini mwaka 1942. Hu Shi alikuwa balozi wa China Marekani wakati wa vita, na alifia Taiwan mwaka 1962. Huko Taiwan ndiko walikoishia pia Luo Jialun na Fu Sinian. Leo China Bara huadhimisha tarehe 4 Mei kuwa Siku ya Vijana, na Taiwan huiadhimisha kuwa siku ya fasihi na sanaa. Kila upande umechukua kipande kinachoufaa.

Vipande hivyo viwili haviwezi kutenganishwa bila kuiharibu historia yenyewe. Vijana wa Beijing walikuwa na nguvu kwa sababu walikuwa wamejifunza kuandika na kusema kwa maneno ya muuza duka, na muuza duka alipowaelewa alifunga duka lake. Pale ambapo maneno yao hayakufika, ushindi wao haukufika pia. Wachina wengi wa wakati ule waliishi vijijini, hawakujua kusoma, na kwao mwaka 1919 ulipita kama mwaka mwingine wa kodi na kilimo. Kazi ya kuwafikia hao iliachwa kwa wengine, nao waliifanya kwa bunduki.